Mpagazi wa Kwenye Sheda

Advera alijua mambo si shwari pale kompyuta ilipoanza kunuka jasho la mtu.

Ilikuwa saa sita mchana huko Urambo, tumbaku imo banini ikikaushwa kwa moto, naye amejichimbia chumbani na gemu lake la kuigiza maisha. Humo alikuwa amejenga nyumba yao hii hii, akajiweka yeye na mumewe, Elieza. Leo amepakua sheda mpya, ile ya kupamba mwanga wa gemu, jua liwake na vivuli vikolee. Mama yangu, ilipendeza! Ila uani, ndani ya gemu, alisimama mwanamume ambaye hakumtengeneza yeye, na pembe ya ndovu begani, shingo imechubuka hadi mfupa.

"Baba Koleta, hebu njoo umwone huyu."

Elieza akacheka mlangoni. "Mpagazi wa zamani. Mtue mzigo basi, au kwenu hamkufundishwa?"

Kwao mpita njia mwenye mzigo haachwi amesimama. Advera akabofya neno lililoelea juu ya kichwa cha yule mtu: *Mpokee*.

Mpagazi akatabasamu, akamtwika pembe Elieza wa kwenye gemu, aliyekuwa karibu naye.

Pale mlangoni, Elieza mwenyewe akaanguka magoti. Bega likavunjika kama kuni kavu, na hapakuwa na kitu juu yake.

"Vera... kizito... nitoe..."

Advera akaizima sheda, na mpagazi akatoweka, ua ukawa mtupu, akasema asante Yesu, kumbe mumewe bado anasagwa sakafuni, mbavu zinaalika moja moja, damu inamtoka puani na masikioni, kwa sababu sheda haikumleta yule jini, ilimwonyesha tu, na sasa hata kumwona hamwoni.

Akaiwasha tena. Mpagazi alikuwa amenyooka mgongo, anaondoka zake. Juu ya Elieza wa kwenye gemu, aliyelala chini ya pembe, palikuwa na neno lile lile: *Mpokee*.

Hakujiuliza mara mbili, akabofya.

Elieza akavuta pumzi. Uzito ukamshukia Advera shingoni, akalala kifudifudi, meno yakavunjikia sakafuni.

"Mke wangu, ngoja nikutue!" Elieza akajikokota, akanyoosha mkono wake mzima.

"Usiniguse! Utaupokea tena wewe! Kaa mbali!"

Hakusikia, mume mjinga yule, mume mzuri yule. Vidole vilipomfikia, Advera akaving'ata kwa meno yaliyobaki, akang'ata hadi mfupa, mpaka Elieza akapiga yowe na kurudi nyuma akilia.

Advera akasikia uti wa mgongo ukikatika. Akashukuru kwamba mumewe yuko mbali.