Minyoo kwenye Chupa

Teke la kwanza lilivunja goti la dereva. La pili lilimzimisha.

Sindano, jasusi asiyependa maneno mengi, akafungua begi ambalo dereva huyo wa magendo alikuwa akilipeleka ofisi ya mazingira. Ndani mlikuwa na chupa ya sampuli na ripoti yenye saini ya dada yake, mpimaji wa maji katika bwawa la hifadhi ya ndege, aliyetoweka tangu juzi.

*Maji safi. Vibuu vya kerengende kwa wingi.*

Safi, eti. Akainua chupa juani. Kibuu hata kimoja hakuna. Minyoo myekundu mitupu.

Akabonyeza redio.

"Mkuu, dada yangu yuko hai. Wamemshika."

"Umejuaje?"

"Ripoti wamemlazimisha kuiandika. Chupa hawakuiangalia. Minyoo hii hukaa kwenye maji machafu tu, na bwawa zima lina mahali pamoja tu pa namna hiyo: mfereji wa kiwanda cha ngozi kilichofungwa. Alinionyesha mwenyewe."

"Tumepata habari kuwa wanamwaga mapipa ya sumu saa sita kamili. Wakimaliza, shahidi hawamwachi. Una dakika tisa."

Pikipiki yake ya Yamaha ilimfikisha kwa dakika sita.

Mlinzi wa mlangoni alikula risasi ya kifua, sigara ingali mdomoni. Wa pili alikuja na panga. Sindano alimvunja mkono, akampigiza ukutani hadi meno yakamwagika sakafuni.

Ukingoni mwa mfereji, bosi wa magendo alikuwa amemkaba dada, bastola kisogoni. Kando yao yalipangwa mapipa arobaini. Nyuma yao, mferejini, korongo walikuwa wakila zao bila habari.

"Tupa silaha, au nammaliza."

Sindano aliogopa. Kazini hakuwahi kuogopa hivyo. Akaitupa Glock.

"We mtoto," dada akasema taratibu, "tope hili nilikwambia nini?"

Akajirusha nyuma, akaanguka na bosi mferejini. Dada akajilaza chali, mikono wazi, kama wapimaji wanavyofanya tope likiwavuta. Bosi akajaribu kusimama. Tope likammeza hadi kifuani. Akainua bastola kumlenga dada.

Kisu cha Sindano kilitoka kwenye buti na kutua kooni mwa bosi. Maji yakawa mekundu.

Sindano alimvuta dada nje, akampa chupa.

"Ripoti yako ina makosa."

"Nitaiandika upya. Umechelewa."

"Samahani, dada."

Akaelekea kwenye pikipiki polepole, bila kumwachia dada mkono.