Sauti ya Banda la Msamala

Soko Kuu la Songea lilijaa watu asubuhi ile, mvua imekatika, matope hadi visiginoni. Kijana mrefu, shati jeupe limepigwa pasi, alisimama mbele ya meza ya vitenge ya Benigna.

"Dada, hicho cha njano unakiuzaje?"

Benigna aliacha kukunja. Sauti ile aliijua. Ndiyo iliyotafsiri filamu za Kikorea katika banda la video la Msamala, ndiyo iliyowafanya akina mama waunguze maharage wakiisikiliza kwenye simu. Uso wake wengi hawakuujua.

"Wewe ndiye Dijei Poli."

"Polikarp, ukiniita kwa jina la ubatizo."

"Nilidhani ni mzee mwenye kitambi."

"Nipikie, kitakuja."

Tangu hapo simu zao hazikupoa.

"Umekula, mpenzi?"

"Bado. Nasubiri kitambi chako kianze ndipo nile."

Siku moja, akicheka, Benigna alimwambia jambo ambalo kwaya yake haikulijua. Aliwahi kusali novena, sala ya siku tisa, kwa Mtakatifu Yosefu apate mume, na mume alipochelewa akaigeuza sanamu itazame ukuta. "Tulipokutana sokoni nikaigeuza ikae vizuri. Usimwambie mtu."

"Nani, mimi?"

Lakini kazi ya kutafsiri filamu ina mtego. Waigizaji wanapotazamana kimya, mtafsiri huujaza ukimya ule kwa maneno ya mtaani, maana watu wamekuja kucheka. Wiki ile msichana wa kwenye filamu alikuwa akilia dirishani, na Polikarp, mdomo ukitangulia akili, akasema, "Anasema, nimemgeuza Yosefu ukutani mpaka aniletee mume, kama yule Benigna wa vitenge."

Banda likacheka. Mtu akarekodi. Kufika Jumapili kipande kile kilikuwa kwenye status za nusu ya mji, wengi wa wanaokituma hata Benigna hawamjui. Kanisani wenzake wa kwaya wakamuuliza, "Yosefu leo kaelekea wapi?" Aliimba mpaka mwisho wa misa, gauni la bluu limenyooka, chozi hakulitoa. Nyumbani kwao, mtaa wa Mshangano, akampigia Polikarp.

"Nilichokunong'oneza umewapa watu wachekee."

"Ulikuwa utani, mpenzi. Watu wanakupenda."

"Watu wananicheka. Niliyetaka anipende ni wewe."

Akakata simu. Sanamu akaigeuza tena ukutani.

Kila ujumbe aliotuma Polikarp haukufunguliwa. Polikarp akaenda Mshangano, akamkuta mama yake Benigna uani akipepeta mahindi.

"Shikamoo, mama. Nimekuja kuomba radhi."

"Marahaba. Ulimkosea mbele za watu, baba. Hapa uani radhi unamwomba kuku?"

Jumamosi mchana banda lilifurika. Mama yake Benigna alikuwa amemshika binti yake mkono, akamleta mpaka benchi la nyuma. Filamu ikafika pale kijana anapopiga magoti mbele ya mchumba wake. Kimya.

"Sauti!" watu wakadai.

Polikarp akatoka nyuma ya pazia, kipaza sauti mkononi, jasho usoni. "Leo sitafsiri, nasema yangu. Benigna aliniaminia siri yake, nikamfanya kichekesho. Kosa ni langu. Rekodini na hili." Simu zikainuliwa. "Benigna, nisamehe. Na ukikubali, nije kwenu kuposa."

Kwenye skrini mchumba alikuwa akifungua mdomo kujibu. Benigna akapita katikati ya mabenchi, kitenge cha njano kiunoni, akachukua kipaza sauti na kumtazama yule dada wa kwenye filamu.

"Anasema," akatafsiri, sauti haitetemeki, "wazee wako waje kesho baada ya misa ya pili. Na ya siri yabaki ya siri."

Banda zima likasimama. Kipande hicho nacho kilisambaa, kikafika hadi Tunduru. Benigna hakukitazama. Alikuwa nyumbani, anamgeuza Mtakatifu Yosefu atazame sebule, anamtandikia kitambaa kipya, maana kesho kuna wageni.