Namba Mbili Ukutani

Asubuhi ile skrini kubwa haikuwaka.

Mwenye skrini alikuwa mhariri wa video za harusi, na ofisi yake ilikuwa pembe ya sebule: meza, laptopu, skrini kubwa upande wa kulia, ukuta upande wa kushoto. Nyuma ya ukuta huo kilikuwa chumba cha binti yake wa miaka mitano, ambaye nyumba nzima ilimwita Kidoti kwa sababu ya alama ndogo shavuni. Baba wa mtoto alikuwa kazini mji mwingine. Waliobaki ni wao wawili.

Laptopu ilikuwa imejisasisha usiku. Ilipowashwa ilileta ukurasa mrefu wa masharti, na mhariri akabonyeza Kubali huku mswaki ukiwa bado mdomoni. Alipokaa kufanya kazi akakuta skrini kubwa ni nyeusi, na maandishi madogo yanasema hakuna mawimbi.

Alichomoa waya, akaupuliza, akaurudisha. Akazima, akawasha. Akajaribu tundu jingine. Mwishowe akampigia mdogo wa mumewe, fundi wa kompyuta.

"Shemeji, mmeniua. Nimeamka na apdeti yenu, sasa skrini haionekani."

"Apdeti si yangu, na mimi ni majeruhi kama wewe," fundi alisema. "Tangu nifungue duka napokea maiti tu. Ingia kwenye mipangilio ya skrini. Unaona visanduku vingapi?"

"Viwili. Namba moja na namba mbili."

"Basi namba mbili imeonekana. Waya wako ndio mbovu."

"Waya nimeshauchomoa."

"Upi?"

"Zote. Hata ya umeme."

Nyuma ya fundi feni ilivuma na mteja alilalamika.

"Hiyo ni kumbukumbu ya zamani imeganda," alisema. "Bonyeza Tambua. Kila skrini itajiandika namba yake."

Mhariri akabonyeza. Kwenye laptopu ikatokea moja, kubwa, ikajaza kioo. Skrini ya mezani ilibaki nyeusi.

Chumbani Kidoti akacheka.

"Mama," aliita. "Namba mbili."

Alimkuta mtoto amekaa kitandani, uso ameuelekeza ukutani. Ukuta haukuwa na kitu zaidi ya msumari uliosubiri picha. Chumba kilinuka nguo zilizonyeshewa zikasahaulika kwenye beseni. Hakukuwa na nguo wala beseni.

"Namba mbili iko wapi?"

"Imeondoka. Bonyeza tena."

"Nani kakwambia nabonyeza?"

Kidoti aliutazama ukuta, kama mtoto anayemwangalia mkubwa kwanza kabla ya kumjibu mgeni. Kisha akafunga mdomo.

Mhariri hakuwa mtu wa kushtukashtuka. Kazi ilikuwa imemzoesha kurudia kitu mpaka akielewe. Alirudi mezani, akaacha milango wazi, akausukuma mshale wa mausi kushoto. Ukafika ukingoni, ukapita, ukapotea.

"Unaona nini?" aliuliza.

"Mshale," Kidoti alisema chumbani. "Uko kwenye msumari. Unashuka. Umefika kwenye mto wangu."

Alivuta mausi kwa nguvu. Mshale ulichelewa kurudi, kama kitu kilichoshikwa kwanza kikaachiwa. Hapo laptopu ikatoa milio miwili, wa chini kisha wa juu, ile inayosikika mtu anapochomeka kifaa. Hakuna aliyechomeka kitu.

Alichowaza kwanza ni kazi. Harusi ya Jumamosi ilikuwa ndani ya mashine hiyo, na yeye hakuwahi kufuta wala kufunga kitu kabla hajakitolea nakala. Fundi alizoea kumtania kwamba hata risiti ya sabuni anaitolea nakala. Akafungua programu ya kuhariri. Programu ilikuwa na mazoea yake: vipande vya video hukaa kwenye laptopu, picha yenyewe huchezwa kwenye skrini ya pili. Picha haikutokea mbele yake. Sauti ndiyo iliyotokea: muziki, makofi, mshereheshaji akiwaita wazazi wa bwana harusi.

Ng'ambo ya ukuta, Kidoti akaanza kusimulia.

"Bibi harusi anacheza. Baba mnene anakula. Na yule mama anapita katikati yao."

"Mama yupi?"

"Wa kule nyuma. Anawapita na hawamwoni. Sasa yuko mbele. Sasa ni uso tu."

Mhariri alikuwa ameishi na harusi hiyo wiki nzima. Alimjua mgeni aliyesinzia, na yule aliyetia soda mkobani akidhani kamera imegeuka. Hakuna mwanamke aliyepita katikati.

"Anasema nisogee," Kidoti alisema, na sasa sauti yake ilikuwa ya chini, ya siri. "Anasema kwake kuna nafasi."

Mama aliangusha kiti, akavuka sebule, akaingia chumbani na kumkuta mtoto amesimama juu ya mto, viganja vyote viwili vimebandikwa ukutani, na alipomshika kiunoni kumtoa alihisi kwamba upande wa pili kuna mtu anayevuta pia, bila haraka, kama mtu mwenye uhakika wa mali yake.

Fundi alifika mchana na waya mpya na mzaha wake.

"Shemeji, ungesema tu umenikumbuka."

Alifuta programu ya skrini, akaiweka upya, akawasha. Kisanduku cha pili kilikuwepo. Akazima mtandao, akachomoa mausi, mwisho akachomoa laptopu kwenye umeme na kuiacha na betri yake tu. Kilikuwepo. Kwenye mchoro, asubuhi kilikuwa mbali kidogo na cha kwanza. Sasa vimegusana. Fundi akakiburuta kukirudisha kule, akakiachia, nacho kikarudi taratibu kama mlango mzito.

Hakutania tena. "Kidoti kalala wapi?" alinong'ona.

"Hapa, sebuleni. Chumba nimefunga."

"Usimpeleke." Akafuta viganja kwenye suruali. "Dukani kwetu tuliwahi kupata kitu ndani ya printa. Kuna mama alitusaidia. Naenda kumwita."

Mama huyo aliuza viatu vya mitumba mtaa wa nyuma, na watu walimwendea kama mganga kwa mambo wasiyotaka kuyataja barabarani. Alivua kandambili mlangoni, akanusa hewa, akaiangalia laptopu kama anavyoangalia kiatu kilichobandikwa gundi.

"Nani alifungua mlango?"

"Labda mimi," mhariri alisema. "Nilibonyeza Kubali."

"Ulisoma ulichokikubali?"

"Mama, hakuna anayesoma."

"Nao wanajua hilo," mganga alisema.

Fundi alimchukua Kidoti aliyelala, akamweka kifuani. Mganga akamsogelea mhariri sikioni.

"Mimi naingia kukishika. Nikigonga mlango, wewe unachagua skrini ya kwanza peke yake. Basi. Usiguse kingine. Kitakuita kwa sauti ya mtu unayemjua. Usimjibu. Umenielewa, mwanangu? Usimjibu."

Aliingia, akafunga. Walimsikia akizungumza kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayebishania bei na mteja mkaidi. Baridi ilipita chini ya mlango pamoja na ile harufu. Laptopu ikaanza kulia milio yake, chini na juu, chini na juu. Mganga akagonga.

Orodha ya mipangilio ilikuwa wazi, skrini ya kwanza peke yake juu, na chini yake Nakili, inayoifanya skrini moja kuwa nakala ya nyingine; mshale uko tayari.

"Mama, mimi niko huku."

Ilitoka ukutani. Ilikuwa sauti ya Kidoti akiwa ameamshwa vibaya, na kile kikwaruzo cha mafua ya juzi kilikuwemo.

"Mama, ananifungia. Usinizime, mama, huyo aliyebebwa na baba mdogo si mimi."

Mhariri aligeuka akamtazama mtoto kifuani kwa fundi, mdomo wazi, mate yakilowesha shati la baba yake mdogo, na alama iko shavuni pale pale, kisha akautazama ukuta uliokuwa unalia kwa sauti ile ile, na mganga akagonga tena kwa nguvu zaidi, na fundi akanong'ona shemeji, bonyeza, nakuomba bonyeza, lakini mkono ambao kwa miaka yote haukuwahi kufunga kitu kabla ya kukitolea nakala ulifanya ulichozoea kufanya kabla mwenyewe hajauamuru, ukapita juu ya mstari wa kwanza, ukashuka kwenye wa pili, ukabonyeza Nakili.

Kwenye mchoro visanduku viwili vikasogeleana, kimoja kikalala juu ya kingine.

Akarudi mara moja akachagua skrini ya kwanza peke yake. Milio miwili ikasikika, wa juu kisha wa chini. Ukuta ukanyamaza. Upande wa kulia, skrini kubwa ikawaka.

Mganga alitoka uso umelowa jasho. "Ulichagua nilichokwambia?"

"Ndiyo," mhariri alisema.

Fundi alikuwa ameuona mkono. Aliinamisha kichwa akamtengenezea Kidoti kola.

Kesho yake mambo yalikwenda sawa. Kidoti alikula bila kubembelezwa, jambo lisilo la kawaida, na hakuuliza kwa nini chumba chake kimefungwa. Alikaa mkekani nyuma ya kiti cha mama yake, akimsuka mwanasesere, mgongo kwa meza. Harusi ya Jumamosi ilicheza kwenye skrini kubwa mwanzo hadi mwisho. Hakuna aliyepita katikati.

Kabla ya kuifunga kazi mhariri alitaka kuwa na hakika. Akafungua mipangilio, akabonyeza Tambua.

Laptopu ikaandika moja. Skrini kubwa ikaandika mbili. Alishusha pumzi.

"Tatu, mama," sauti ikasema nyuma ya ukuta, ndani ya chumba kilichofungwa. "Hapa ni tatu. Njoo unifungulie."

Mkono wa mhariri ulibaki juu ya mausi. Harufu ya nguo zilizonyeshewa ilikuwa imerudi, na haikutoka chumbani. Ilitoka mkekani.

Mtoto aliyekaa hapo hakugeuka. Alimaliza kusuka msuko mmoja, akaanza mwingine.

"Usimjibu," alisema.