Sumaku ya Mashine ya Endasak

Mwaka ule tulipoambiwa sisi sasa ni watu wa Mkoa wa Manyara, binti yangu Konsolata alikuwa darasa la sita. Kila Jumamosi alipeleka mahindi mashineni, akasaidia kumwaga, akarudi na unga. Sisi hapa Endasak tunapiga mahindi chini kwa fimbo, kwa hiyo misumari na vipande vya waya huchanganyikana humo. Ndiyo maana mdomoni mwa mashine ilifungwa sumaku nyeusi, ivinase kabla havijasagwa.

Jumamosi moja jioni mdogo wake, Modest, alikunywa uji akapiga kelele. Nilipomfungua mdomo niliona damu. Kipande cha waya kilikuwa kimechoma ulimi.

Nilimpeleka zahanati, wakakitoa. Kisha nikamshika Konsolata mkono, tukaenda mashineni. Nilikuwa na hasira na msagaji.

Tulikuta Mzee Abdulrahmani, mwenye mashine, ameifungua. Chekeche, wavu wa ndani unaochuja unga, lilikuwa limetobolewa na waya. Nikamweleza yaliyompata Modest.

"Joakimu! Unasaga umelala?" alimfokea msagaji wake. "Lete funguo, uende zako!"

"Mzee, sumaku ipo. Itazame mwenyewe."

"Ipo, halafu watoto wanakula waya? Lete funguo!"

Joakimu, mwenye watoto wanne, akatoa funguo. Hapo Konsolata akaanza kulia.

"Shikamoo babu. Ni mimi. Nilichukua sumaku nikachezeshe pini shuleni. Mahali pake nikafunga kipande cheusi cha ndani ya redio mbovu."

"Mungu wangu!" nilisema. "Ulitaka kutuua?"

"Mama, nilikijaribu! Kilinasa kabisa."

"Ulikijaribu na nini?" aliuliza Mwalimu Tekla, aliyekuwa kwenye foleni na debe lake.

"Na ile sumaku, mwalimu."

"Hata msumari ungenata kwenye sumaku! Je, msumari ni sumaku?" Mwalimu hakucheka. Akakifungua kile kipande mdomoni mwa mashine, akakigusisha kwenye pini. Pini haikunasa. "Vyote viwili ni unga wa kutu ya chuma uliookwa kama chungu. Tofauti ni kilichochanganywa. Ukitia madini ya bariamu, unapata sumaku inayoshika nguvu yake miaka na miaka. Ukitia madini ya manganizi na zinki, unapata kipande kinachovutwa upesi kikiwa karibu na sumaku, ukikitoa kinaachia palepale. Rangi ni moja, kazi mbalimbali."

Konsolata akatoa sumaku mfukoni. Joakimu akaifunga, akaweka msumari, ukanasa. Mzee Abdulrahmani akamrudishia funguo.

"Nisamehe, Joakimu. Nimekuonea."

"Umenionea mbele za watu, mzee," alisema Joakimu, akageuka kuziba chekeche.

Mimi hasira haikuisha. Nilimwambia Konsolata, na ninyi watoto mnaosoma nawaambia vilevile: kuchukua cha watu ni wizi, hata kama umeweka kingine mahali pake. Na kama umekosea, sema mapema. Usisubiri mtoto atoke damu na baba wa watu afukuzwe kazi ndipo upate mdomo wa kusema.