Nilimtuma Mdogo Wangu kwa Mhadhiri, na Jogoo Juu

Mimi ni mama wa Neema, nina miaka thelathini na minane, naishi Utemini hapa Singida, na ujinga nilioufanya hata kuusimulia naona aibu... Mimi ni mtu wa ndani. Nikifika sokoni, nimesafiri! Chuo nakijua kwa kusikia tu, maana shule yangu iliishia kidato cha nne, na yenyewe kwa kusukumwa.

Mdogo wangu Rehema, niliyemlea tangu mama afariki, yuko mwaka wa pili chuo kikuu. Alipokuja likizo alinieleza kwamba mhadhiri wake anadai alama zake hazionekani, azifuate nyumbani kwake. Alisema hataki kwenda.

Mimi nikajifanya mjuzi. Nikamwambia kwa mwalimu huendi mikono mitupu! Nikamfungia jogoo kwenye tenga, nikamsisitiza amsalimie na mke wa mwalimu kwa heshima.

Mke gani? Hakuwepo mke wala mtu...

Haukupita muda tangu arudi chuoni, Rehema akaja tena nyumbani, kakonda, hasemi. Chuo hataki hata kukisikia. Nikaanza upelelezi. Nilipekua begi lake. Nilichungulia simu yake akiwa bafuni. Akitema mate tu, moyoni nasema mimba hiyo! Ya nani? Nilimshuku kijana wa bodaboda, nikamshuku mpaka mpiga kinanda wa kanisani, mzee wa watu!

Mwisho nikampigia mhadhiri mwenyewe, kwa namba niliyoiona kwenye simu ya Rehema. Alishukuru sana kwa jogoo, akasema Rehema ana makundi mabaya, nimbane. Nikacheka naye, nikamwahidi kumbana.

Kumbe Rehema yuko mlangoni. Akasema, "Dada, huyo unayecheka naye ndiye aliyenifungia mlango."

Nikaikata simu hapo hapo! Mhadhiri alimkamata, akamchania blauzi. Rehema alimng'ata mkono ndipo akapata upenyo wa kukimbia. Chuoni wenzake walimshauri anyamaze, wapo waliosema wakafelishwa. Akaja kwa dada yake apate pa kusemea... akakuta askari wa upelelezi!

Wasomaji wenzangu, binti akikwambia hataki kwenda mahali, usimfundishe adabu. Muulize kwa nini, kisha ufunge mdomo usikilize. Mimi nilishuku kila mtu isipokuwa yule mhadhiri mwenye suti. Msipite nilikopita!

Sasa Rehema ameamua kurudi chuoni kumshtaki, kesho anapanda basi. Nilikimbilia kwa jirani yangu, Mama Hamisi, nikamweleza yote huku nalia. Hakunibembeleza. Alisema:

"Kalie kwako, Mama Neema. Au na huko chuoni unamtuma peke yake?"