Kitufe cha Kumpa Mwenzio

Mambo yaliharibika Jumanne, tarehe kumi na moja Machi, saa nne na dakika ishirini asubuhi, kwenye ghorofa ya sita ya gazeti moja la mji wa Milwaukee, Marekani. Casimir Dudek, mkata soseji wa sokoni, mgane wa miaka hamsini na minane, alikuwa ameketi na koti lake la kanisani kati ya watu kumi na mmoja wenye vikombe vya kahawa. Maneno yake ya siri yakatokea ukutani, makubwa kama tangazo la sabuni. Wakacheka. Na mwanamke aliyeandikiwa maneno hayo alikuwa amesimama palepale ukutani, kimya.

Walikuwa wamejuana wiki tano na siku tatu tu.

Walikutana Jumamosi mchana, soko limefurika, theluji inayeyuka kwenye viatu vya watu. Odessa Whitlow alifika kwenye meza ya soseji na koti la rangi ya haradali, buti nyekundu, na simu kaishika mbele kama mtu anayechangisha harusi.

"Kaka, nakuomba dakika tatu."

"Kama unauza bima, mimi nilishakufa."

"Siuzi kitu. Nabuni tovuti ya gazeti. Tunatengeneza kitufe. Mtu aliyelipia gazeti anakibonyeza, habari inamwendea mwenzake asiyelipia, naye anaisoma bure. Nataka kuona kidole chako kitakwenda wapi."

Casimir akaguna. Gazeti hilohilo alilichapa miaka ishirini na tisa, hadi wakubwa walipouza mitambo kama vyuma chakavu, wakahamishia uchapaji mji mwingine na kumuaga kwa kipande cha keki. Mkewe Bernice alikufa mwaka uleule. Wakubwa hawakuleta hata ua. Lakini bado alililipia kila mwezi, na udadisi ni ugonjwa usiopona. Akafuta mikono.

"Nikimpa mtu habari, mimi nabaki nayo?"

"Unabaki nayo."

"Basi hiyo si zawadi. Zawadi inauma kidogo."

Odessa akaacha kuandika, akamtazama vizuri. "Endelea."

"Na yeye akimpa mwingine?"

"Hapo ndipo tunapogombana ofisini. Kwa sasa hawezi, na wewe una zawadi kumi tu kwa mwezi. Wakubwa wanaogopa watu watagawa gazeti lote."

"Wakubwa walishaligawa zamani, dada yangu. Wasitusingizie sisi."

Odessa akacheka mpaka mteja wa nyuma yake akacheka naye bila kujua sababu. Kabla hajaondoka akamwekea kitufe cha majaribio kwenye simu yake. Kilikuwa na kisanduku kidogo cha kuandika neno la kusindikiza habari.

Ikawa kila jioni simu inalia. Maswali ya kazi, eti.

"Leo umempa nani?"

"Wewe."

"Na jana?"

"Wewe."

"Casimir, unaniharibia utafiti. Mtu mmoja anampa mtu mmoja."

"Andika hivyohivyo, mtaalamu. Huo si ndio ukweli?"

Ijumaa walikula samaki wa kukaanga na mkate wa shayiri nyeusi, kama mji mzima unavyofanya, Odessa kavaa gauni la buluu na hereni za shaba zilizogonga shingo kila alipotikisa kichwa kubisha. Alibisha sana. Casimir akaanza kumchokoza makusudi, azisikie zile hereni.

Zawadi ya kumi ilikuwa habari ya mzee aliyekaa miaka kumi na saba kwenye kibanda juu ya ziwa lililoganda, mkuki mkononi, akitazama tundu alilokata kwenye barafu, bila kuona samaki. Casimir akaandika kisandukuni: *Odessa, huyu kakaa miaka kumi na saba. Mimi nimekaa minne tangu Bernice aende. Nadhani nimeona kitu kinapita.*

Hayo ndiyo yaliyotokea ukutani.

Siku ile ya sokoni simu ilimwonyesha ukurasa mrefu wa masharti, naye akabonyeza Nakubali, kama tufanyavyo wote. Humo iliandikwa kwamba maneno ya majaribio yatahifadhiwa. Odessa aliagiza yahesabiwe tu, yasisomwe. Lakini mkubwa wake, Preston Gaar, alitaka kitu cha kuchangamsha kikao, ambacho Casimir naye alialikwa kama mjaribu wa kitufe, na asubuhi ile akachomeka ujumbe huo kati ya kurasa alizoandaa Odessa za kuonyesha ukutani, bila kumwambia.

"Kumbe mimi ni sukari ya kahawa yenu," Casimir alisema mlangoni, akashuka ghorofa zote sita kwa ngazi.

Siku kumi na moja hakupokea simu za Odessa.

Jumamosi, katikati ya foleni, akaita namba. "Sitini na nne."

"Ni mimi," alisema Odessa. Hakuwa na hereni.

"Unataka nini?"

"Ratili moja ya soseji ya moshi. Na unisikilize."

Akaanza kupima. "Najua. Wakubwa wako. Ndio zao, toka lini wakamjali mtu?"

"Gaar aliyaweka. Lakini aliyenyamaza ni mimi, usimpe yeye dhambi yangu. Niliona jina langu pale, nikaogopa kazi yangu."

Kisu kikasimama. Miaka minne Casimir alikuwa na mtu wa kumlaumu kwa kila kitu, na sasa huyu alikuwa anajiweka mwenyewe kwenye orodha ya wa kulaumiwa.

"Jana nimewaambia maneno yale niliandikiwa mimi," Odessa aliendelea. "Nikasema aliyeyaandika nampenda, na hakuna neno la mtu litakalosomwa tena bila yeye kuulizwa. Hawakucheka."

"Wamekufukuza?"

"Bado wanafikiri."

"Wanafikiri kwa akili ipi?"

Mdomo wa Odessa ukataka kutabasamu, akauzuia. Foleni nzima ilikuwa imetega masikio. Mama mmoja mwenye namba sitini na tano alikuwa ameacha hata kutafuna.

"Wewe ulisomwa mbele ya watu kumi na mmoja," Odessa alisema, sauti ikipanda ili hata wauza jibini wasikie. "Hapa nimehesabu ishirini na sita. Sisi si vijana, Casimir, na miye nimechoka kunyamaza. Utanioa?"