Waota Joto wa Mengo

Umar alipowasha hita ya kwanza, ukuta ukatoa maji. Si unyevu wa kawaida, la! Maji hasa, yakichuruzika, yakinuka tope na samaki. Akayafuta kwa tambara, akaendelea na kazi.

Nyumba yenyewe ilikuwa ya mawe, ya zamani, huko Mengo, na jeshi lilikuwa limeichukua bila kumwuliza mtu. Kapteni aliyekaa humo alilalamika kwamba baridi ya mawe inamla mifupa. Akataka hita kila chumba, zitumie umeme wa Jinja, unaotoka mtoni, usiokula kuni wala mafuta. Akamleta Umar, fundi umeme, ambaye mdogo wake Mahmoud alikuwa amebebwa na askari na hajulikani aliko.

"Wewe fundi," Kapteni alimwambia, "nyumba napata moto, ndugu yako natoka. Kama hapana, hata wewe hapana toka." Akafunga mlango kwa nje.

Basi maskini akafanya kazi kama punda. Mchana mmoja wa mvua akaziwasha zote. Ndipo aliposikia miguu iliyolowa, chapa, chapa, ikitoka kila chumba na kusimama mbele ya hita, kisha meno yakigongana, meno mengi, na pumzi za watu wasioonekana wakisukumana kugombea joto.

Majini ya mto! Yamepanda na umeme! Umar akaanza Ayatul Kursi, akijua hakuna jini asiyeikimbia. Lakini begani pake mtu akaidaka aya, akaisoma naye polepole, akakwama palepale alipokuwa akikwama Mahmoud utotoni, chuo cha Kurani, akichapwa na asijirekebishe.

"Mahmoud?" akanong'ona.

"Wametutupa mtoni, kaka. Kule chini baridi."

Mlango ukafunguliwa. Kapteni akaona nyayo za maji sakafuni zikimgeukia, akaruka kurudi nje ya kizingiti.

"Zima! Zima hiyo kitu, fundi! Enda nyumbani, nakuacha!"

Mlango wazi, mke na watoto wanamngoja Kawempe. Jamani, nani asingekimbia? Umar akashika swichi kuu, na mle ndani hata meno yakatulia, wote wakimtazama atafanya nini.

Akaiachia swichi. Akaufunga mlango kwa ndani, Kapteni akibaki nje akipiga kelele, akavuta kiti hadi kwenye hita.

"Sogea kidogo, mdogo wangu," akasema.